produce() ikirudi, ujumbe bado haujafika

Kama unatuma ujumbe kwenda Kafka (mfumo wa seva unaopokea jumbe kutoka programu moja na kuzifikisha kwa nyingine) kwa Python ukitumia maktaba ya confluent-kafka, nakusihi ulishike hili kwanza: produce(), yaani fankisheni ya kutuma, ikimaliza bila kosa, ujumbe umeingia tu kwenye foleni iliyo ndani ya kumbukumbu ya programu yako. Seva huenda haijausikia kabisa. Umemkabidhi kondakta kifurushi pale stendi; anayekisubiri mwisho wa safari hajapokea kitu.

Kwenye mfumo wa malipo nilioshiriki kuutunza, tulibishana sana kuhusu wakati wa kuandika kwenye hifadhidata kwamba taarifa ya muamala "imetumwa". Msimamo wangu haujabadilika: usiandike mpaka seva ijibu. Ipe produce() fankisheni yako kupitia on_delivery. Itapokea vitu viwili, kosa na ujumbe wenyewe. Kosa likiwa None (yaani hakuna kosa), ndipo ubadilishe hali ya rekodi.

Wengi hukwama hapa, kwa sababu fankisheni hiyo haiitwi mpaka wewe uite poll() (inayoshughulikia majibu yaliyofika) au flush() (inayosubiri foleni iishe). Programu inayotuma mfululizo bila poll() hujaza foleni, ambayo kikomo chake cha kawaida ni jumbe 100,000, kisha hutupa kosa la BufferError, yaani foleni imejaa. Mimi huita poll(0) baada ya kila produce(), haisubiri chochote. Kuita flush() baada ya kila ujumbe sikushauri hata kidogo, maana jumbe hazitapata nafasi ya kusafiri kwa mafungu na kasi itaporomoka.

Programu ikikaribia kuzimwa, ita flush(30), yaani isubiri hadi sekunde 30, na usome namba inayorudi. Ni idadi ya jumbe zilizobaki. Lakini tafadhali, sifuri isikudanganye! Ujumbe ulioshindwa nao hutoka kwenye foleni, kwa hiyo habari ya kushindwa utaipata kwenye fankisheni yako peke yake. Hesabu makosa humo.

Kuna jambo gumu zaidi. Ujumbe ukiisha muda (message.timeout.ms kwa kawaida ni dakika 5), inawezekana seva ilikwisha kuuandika na jibu ndilo lililopotea njiani. Ukiutuma upya, mpokeaji atapata nakala mbili. Ndiyo maana kila ujumbe wa malipo nauwekea namba ya muamala, na upande wa kupokea unaikagua namba hiyo kabla ya kugusa salio la mteja.