Barua kwa mwanangu: Murphy na Murphy

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema mchumba wako ni Murphy, na sasa umegundua kwamba mama yake naye alizaliwa Murphy kabla hajaolewa na Murphy mwingine huko Cork, Ireland. Unaniuliza: "Mama, hawa si ukoo mmoja? Waliruhusiwaje kuoana?" Ningeshangaa kama usingeshtuka. Hapa Machame, Mushi akimleta Mushi mwenzake nyumbani, mbege ya harusi haipikwi.

Lakini Murphy si ukoo kama tunavyoujua sisi. Mwalimu wangu wa historia sekondari alikuwa padri wa Ireland, mtu wa Wexford. Siku moja aliandika ubaoni Ó Murchadha, akachora kimkwaju juu ya ile O, akatufundisha kuitamka ch kama kh ya "kheri". Darasa zima tulicheka, yeye akarudia polepole hadi tukaweza. Murchadh lilikuwa jina la mtu tu, kama Juma. Muir ni bahari, cath ni vita: mpiganaji wa baharini. Mac ni mwana wa fulani, Ó ni mjukuu au mzao wake. Sasa hesabu akina Juma unaowajua, kisha uwaite wajukuu wao wote kwa jina hilo moja. Ndivyo ilivyokuwa. Palikuwa na Murchadh wa Wexford, Murchadh mwingine Roscommon, mwingine kule kaskazini Tyrone, wasiohusiana kabisa, na kila mmoja akaacha kizazi.

Kilichowachanganya ni utawala wa Kiingereza. Majina yaliandikwa kwa sikio la Mwingereza, Ó na Mac zikaanguka, wote wakawa Murphy. Akina O'Sullivan wengi waliirudisha O yao baadaye. Akina Murphy karibu wote hawakuirudisha, na hilo hunisikitisha kidogo, maana ile herufi moja ilikuwa inasema wewe ni wa nani.

Matokeo yake ni jina linaloongoza Ireland nzima. Katika vizazi vilivyosajiliwa mwaka 1890, watoto 1,386 waliandikwa Murphy na 1,242 Kelly. Wengi wa hao Murphy walikuwa wa Cork, Dublin na Wexford. Kwa hiyo Murphy kumkuta Murphy Cork ni jambo la kila siku.

Padri wetu sauti ilimshuka kila alipofika kwa Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster, upande wa mashariki wa Ireland, ambaye jina lake limetoka kwa Murchadh vilevile. Alifukuzwa nchini mwaka 1166, akaomba msaada kwa mfalme wa Uingereza, na mwaka 1169 askari wa Kinormani, watu waliotawala Uingereza wakati huo, wakatua Wexford. Mkono wa Uingereza uliingia hivyo. Kisha alijinyoosha na kutusimulia habari za Padri John Murphy, aliyewaongoza wakulima wa Wexford kwenye uasi wa 1798 hadi aliponyongwa. Jina moja, mambo mawili yasiyofanana hata kidogo. Na ukiwakuta Boston au Sydney, wengi babu zao walivuka bahari wakati wa ile njaa kuu iliyoanza 1845 viazi vilipooza mashambani, au baada yake.

Ukiolewa na ukataka kujiandika kwa Kiayalandi, utakuwa Uí Mhurchú, na binti yako atakuwa Ní Mhurchú (Murchú ni Murchadha kwa tahajia ya siku hizi). Mke na binti hawaandikwi sawa. Hilo nimelipenda sana.

Basi usimuulize mama mkwe wako kama yeye na mumewe ni ndugu, utamkwaza. Muulize babu yake alizikwa parokia gani, na watu wa kijijini waliwaitaje kwao. Upande wa Cork na Kerry, familia zenye jina moja hupeana majina ya utani, pengine ya kazi au ya rangi ya nywele, ili zisichanganywe. Ukishalipata hilo jina niandikie mapema, maana baba yako ameshasema hapokei barua ya posa kabla hajalijua.

Mama yako