Ukipewa uchangishaji na utetezi wa watoto kwa pamoja

Dada, umesema umepewa kuongoza uchangishaji fedha na utetezi katika shirika la watoto, idara mbili chini ya mtu mmoja, na unauliza ipi uianze. Nimeifanya kazi hiyo kwa miaka 9. Kabla ya kupanga ipi itangulie, jua zinapogombania, nazo humgombania mtoto mwenyewe. Mchangishaji anatafuta picha itakayomtoa mtu machozi leo. Mtetezi anataka mtoto yuleyule aonekane ni mwenye haki, na aliyemnyima haki hiyo atajwe.

Mwaka wangu wa pili tulituma barua ya kuomba michango ikiwa na picha ya binti wa miaka 9 na habari za nyumbani kwao. Iliingiza fedha kuliko barua zetu zote, tukairudia misimu mitatu. Binti alipofika miaka 15 alikuja ofisini. Wanafunzi wenzake walikuwa wameikuta picha mtandaoni pamoja na yale yaliyompata baba yake. Hakugomba. Aliuliza tu nani alituruhusu. Nikafungua faili, nikaikuta saini ya mama yake, na nikaona tarehe: alitia saini siku ileile aliyopokea msaada kwetu, kwenye karatasi iliyoandikwa kwa lugha asiyoisoma vizuri. Angewezaje kukataa? Picha tuliiondoa kwenye tovuti, lakini waliokwisha kuinakili hatukuwa na namna ya kuwafikia. Jambo hilo bado linaniuma.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba miezi hiyohiyo tulikuwa tukienda kwa wabunge na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989 mkononi, tukiwasomea kifungu cha 12 kuhusu mtoto kusikilizwa na cha 16 kuhusu faragha yake, huku barua zetu zikivivunja vyote viwili.

Tukabadilisha utaratibu. Ridhaa sasa huombwa na mtu asiyegawa msaada, siku nyingine kabisa, na mtoto pamoja na mlezi wake huonyeshwa barua yenyewe jinsi itakavyotoka. Baada ya miaka miwili tunauliza upya. Sura, jina na mahali anapoishi havikai pamoja hata siku moja. Simulizi nzito tunawaachia watu wazima waliopitia hayo utotoni na wanaotaka wenyewe kusema. Msimu wa kwanza michango ilishuka, na bodi iliniita kujieleza. Iliporudi ilirudi kwa sura nyingine: watu wengi wanaotoa kidogo kila mwezi, ambao hawaondoki haraka.

Usije ukadhani kazi hizi mbili zilizaliwa maadui. Mwaka 1919 Mwingereza Eglantyne Jebb alikamatwa London, Trafalgar Square, akigawa vipeperushi vyenye picha ya mtoto aliyekondeana kwa njaa. Mahakama ilimtoza faini ya pauni 5, na mwendesha mashtaka akampa kiasi hichohicho kutoka mfukoni mwake. Shirika la watoto la Save the Children, aliloliasisi yeye na dada yake, lilianzishwa mwaka huohuo. Picha ile, ukiitazama peke yake, haina tofauti na zetu. Tofauti ni maneno yaliyoambatana nayo: yalisema wazi kwamba njaa ile ililetwa na zuio la bidhaa lililowekwa na serikali ya nchi ya Jebb mwenyewe, Uingereza. Miaka mitano baadaye, 1924, Umoja wa Mataifa wa wakati ule, yaani League of Nations, ulipitisha Azimio la Geneva la haki za mtoto, ambalo yeye ndiye aliyeliandika rasimu. Tangu nilipolielewa hilo, kila andiko la kuomba fedha linaloletwa mezani kwangu nalitafutia sentensi inayotaja chanzo. Isipokuwepo, linarudi.

Sasa upande wa fedha zenyewe. Tulikuwa na mfadhili mmoja aliyebeba karibu nusu ya bajeti yetu, na fedha yake ilikwenda kwenye makao ya watoto. Sisi tukaanza kuitaka serikali iwarudishe watoto kwenye familia, kama inavyoelekeza Miongozo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2009 kuhusu malezi mbadala. Ushahidi tulikuwa nao. Utafiti wa Bucharest, Romania, ulioanza mwaka 2000 kwa watoto 136 waliokuwa wakilelewa kwenye taasisi, ulionyesha kuwa waliopelekwa kwenye malezi ya kambo, yaani kulelewa katika familia nyingine, hasa wakiwa wadogo sana, walikua vizuri zaidi kiakili kuliko waliobaki. Mfadhili akatuomba tuiondoe aya hiyo kwenye ripoti. Tulikataa. Mwisho wa mwaka akaondoka, na wenzetu watano wakapoteza kazi. Msimamo siujutii. Ninachojutia ni kumwacha mtu mmoja awe mkubwa kiasi kile. Baada ya hapo bodi iliamua mfadhili yeyote asizidi robo ya mapato, na mishahara ya watetezi ilipwe kwa fedha zisizo na masharti tu.

Kwa hiyo soma mikataba. Tafuta kifungu kinachotaka kila chapisho lipitishwe na mfadhili kwanza. Kama fedha inatoka kwenye wakfu binafsi wa Marekani, ujue sheria ya kodi ya huko haiuruhusu kutenga ruzuku kwa ajili ya kushawishi utungaji wa sheria, hivyo kazi hiyo uitafutie fungu lingine mapema, kabla muswada haujafika bungeni ukakukuta mikono mitupu.

Upo utetezi usiohitaji fungu kubwa. Kamati ya Umoja wa Mataifa ya Haki za Mtoto, yenye wataalamu 18, hupokea ripoti za nchi wanachama na pia ripoti mbadala za mashirika kama lenu. Mkiungana mashirika manane, mkagawana sura, mtaiandika bila mshauri wa kulipwa. Mapendekezo ya Kamati ndiyo niliyokuwa nikiyaweka mbele ya maofisa wa wizara, na yalinifungulia milango kuliko mikutano ya waandishi wa habari.

Wiki yako ya kwanza usizindue kampeni yoyote. Omba orodha ya wafadhili ikiwa na asilimia ya kila mmoja, kisha kaa na ofisa wa mawasiliano, mpitie kila picha ya mtoto mnayoitumia na kuitafutia karatasi yake ya ridhaa. Sisi tulipofanya hivyo, zaidi ya nusu ya picha hazikuwa na karatasi kabisa. Hizo ziondoe siku hiyohiyo, hata kama barua ya msimu iko tayari kwenda kuchapwa.