Skeli ya meja kwenye gitaa: aliyeimba kwaya ana mwanzo mzuri

Vijana wengi wanaonijia kujifunza gitaa hapa Kayole huja na simu yenye picha ya shingo ya gitaa iliyojaa vidoti vya rangi. Michoro mitano ya skeli ya meja wameshaikariri, na wengine huipiga kwa kasi ya kutisha. Ukiwaambia wakupigie sauti ya wimbo wowote wanaoujua, hata ule wa kanisani kila Jumapili, mkono unaganda. Vidole vimefundishwa, masikio yakaachwa nyumbani.

Ushauri wangu ni mmoja: anza na solfa. Nairobi hii ni vigumu kukosa mtu aliyepitia kwaya ya shule au ya kanisa, na kwaya zetu bado zinasoma do, re, mi kwa mfumo ule aliousambaza John Curwen huko Uingereza karne ya 19, wamishonari wakauleta huku. Uzuri wake ni kwamba do inahama. Popote mwalimu wa kwaya anapoanzishia wimbo, hapo ndipo do. Skeli ya meja kwenye gitaa ni hiyohiyo.

Shika uzi wa pili (nyuzi huhesabiwa kuanzia ule mwembamba kabisa), freti ya 1, yaani nafasi ya kwanza kati ya vile vyuma vya shingoni, ambayo ni sauti ya C. Hiyo iwe do. Panda kwa uzi huohuo mmoja: 1, 3, 5, 6, 8, 10, 12, 13. Imba kila sauti unapoipiga. Utaona hatua zote ni freti mbilimbili, isipokuwa mi kwenda fa na ti kwenda do, ambazo ni freti moja. Hiyo ndiyo skeli nzima. Mengine yote ni kuzipanga hatua hizo kwenye nyuzi sita ili mkono usikimbie huku na huko.

Sasa mchoro wa kwanza, tuseme kwa G. Kidole cha kati kiwe uzi wa sita, ule mnene, freti ya 3: do. Kidole kidogo freti ya 5: re. Uzi wa tano ni 2, 3, 5: mi, fa, so. Uzi wa nne ni 2, 4, 5: la, ti, do. Uzi wa tatu ni 2, 4, 5 tena: re, mi, fa. Uzi wa pili ni 3 na 5: so, la. Malizia uzi wa kwanza kwa 2, 3, 5: ti, do, re. Kila kidole kina freti yake, hakuna kurukaruka.

Kabla ya kuongeza kasi, zijue do zako tatu: uzi wa sita freti ya 3, uzi wa nne freti ya 5, uzi wa kwanza freti ya 3. Anzia so ukateremka hadi do. Anzia mi. Tafuta wimbo mmoja rahisi uupige bila kuangalia popote. Stima ikipotea jioni, hiyo ni bahati yako: endelea gizani. (Na kama unakaa ploti yenye kuta nyembamba, usiwashe spika, majirani hawajaomba skeli.)

Wiki ijayo kiongozi akianzisha wimbo kwa A, usishtuke. Sogeza mkono wote freti mbili mbele, kidole cha kati kiwe freti ya 5, uendelee na do re mi zako. Mimi sina ugomvi na kapo, kile kibanio cha shingoni kinachopandisha nyuzi zote, ila anayeitegemea kwa kila wimbo hataijua shingo ya gitaa lake.

Mchoro wa pili uwe ule ambao do yake iko uzi wa tano. C iko freti ya 3. Vidole ni vilevile: 3, 5, kisha 2, 3, 5 uzi wa nne, kisha 2, 4, 5 uzi wa tatu. Ukifika uzi wa pili ndipo wengi hupotea, kwa sababu kutoka uzi wowote hadi unaofuata ni nusu toni tano (kila nusu toni ni freti moja), lakini kati ya wa tatu na wa pili ni nne tu. Kwa hiyo kila kitu kinasogea freti moja mbele: re ni 3, mi ni 5, fa ni 6.

Tofauti hiyohiyo ndiyo inayoleta raha. Piga uzi wa tatu na wa pili pamoja, freti ya 5 zote mbili: do na mi za C. Kisha 7 na 6, re na fa. Kisha 9 na 8. Kisha 10 na 10, halafu 12 na 12. Do, fa na so huwa sawa; re na mi, na vilevile la na ti, uzi wa pili unarudi nyuma freti moja. Sauti hiyo ya pamoja utaisikia sana kwenye rumba ya Kongo na kwenye benga. Ukipata mwenzako mwenye gitaa, gawaneni: yeye ashike uzi wa tatu, wewe wa pili, na asiyepiga aimbe.