Binamu kaniuliza kuhusu matibabu ya huku, haya jibu hili hapa

Juzi kwenye grupu la familia binamu aliandika, "nyie wa Uingereza si mnatibiwa bure na kila mtu ana daktari wake, sasa unalalamika nini?" Nikamwambia nitajibu nikitulia. Leo nimetulia.

Hiyo bure kwanza. Wengi tunaokuja na viza tunalipa ada ya afya, kwa mtu mzima saivi ni pauni 1,035 kwa kila mwaka wa viza, na unalipa kwa mkupuo kabla hujapanda ndege (wenye viza ya wahudumu wa afya wamesamehewa). Ila ukishafika kumwona daktari hutoi kitu, mi mwenyewe nimeshapasuliwa na hakuna aliyeniuliza hela, na nisiwadanganye, moyo ukinibana usiku wa manane naomba unibane nikiwa huku huku.

Sasa huyo "daktari wake". Kwa karatasi ni kweli, tangu 2015 kila mgonjwa aliyesajiliwa England ana GP wake (daktari wa kawaida wa kliniki ya mtaani) kwa jina. Wangu namjua jina tu, mwaka wa sita huu sijawahi kumwona sura. Unapiga simu saa mbili kamili asubuhi, unaambiwa we ni wa 31 kwenye foleni, zamu yako ikifika nafasi zimeisha piga kesho. Ukibahatika unapewa yeyote aliyepo siku hiyo, dakika kumi, macho yake yako kwenye kompyuta, na kuna kliniki zimebandika kabisa ukutani kwamba miadi moja tatizo moja. Utadhani mwili nao umesoma hilo tangazo.

Yaliyonikuta ni haya. Nilikutwa na presha nikapewa amlodipini, sawa, presha ikashuka. Baada ya miezi kadhaa vifundo vya miguu vikaanza kuvimba, ikifika jioni viatu havivuliki, daktari mwingine (sio yule wa kwanza) akaangalia akaniandikia dawa ya kukojoza. Hapo ndo nikakoma, usiku naamka mara nne, kazini nasinzia, na nikisimama ghafla dunia inazunguka. Wa tatu akanipa dawa ya kizunguzungu. Vipimo vya damu safi, moyo safi, na mimi natembea nimeshika ukuta. Siwezi hata kusema walikuwa wazembe, kwa kile alichokiona kila mmoja kwenye dakika zake kumi alikuwa na sababu, ila habari yote tangu mwanzo nilikuwa nayo mimi peke yangu na mimi sikujua kama ni habari moja, nilijua uzee tu umeamua kuja mbio.

Aliyeniokoa wala sio daktari, ni mfamasia wa hapo hapo kliniki, siku hizi wanawaweka kwa ajili ya kupitia dawa za wagonjwa. Alinipigia mwenyewe, njoo na dawa zako zote hata za kununua dukani, akanipa nusu saa nzima. Akazipanga mezani akawa anauliza moja moja, hii ulianza lini, hii ilikuja kabla ya miguu au baada? Akanilaza akapima presha, akanisimamisha, akasubiri, akapima tena, ikawa imeporomoka. Alafu akachora mstari kwenye karatasi, akaweka tarehe na dawa, akaigeuza nione. Dawa ya kwanza ndo iliyovimbisha miguu, kumbe ni jambo linalojulikana kabisa kwa dawa ile. Ya pili ikaja kutibu dawa ya kwanza, ya tatu ikaja kutibu ya pili! Akaongea na daktari, ya presha wakanibadilishia na zile mbili wakaniachisha, wiki chache tu viatu vikaanza kuvulika. (Msije mkaacha dawa zenu kwa maneno yangu, nendeni mkaulize.)

Yaani nchi yenye mashine zote hizi, mi nimeponyeshwa na kipima presha na kalamu. Norway tangu 2001 walipanga kila mtu awe na daktari wake, watafiti wao wakaja kufuatilia mamilioni ya watu wakakuta waliokaa na daktari mmoja zaidi ya miaka 15 hatari yao ya kulazwa ghafla au kufariki ilikuwa chini kwa kama robo hivi kuliko ya waliokuwa naye mwaka mmoja tu. Mi siwashangai.

Siku hizi kama jambo halina haraka nawaambia mapokezi nitasubiri hata wiki tatu ila nipeni yule yule. Wananiona msumbufu. Na mfamasia wangu nimesikia anahama mwezi ujao, nimeuliza anahamia kliniki gani nimfuate, nikajibiwa kliniki hiyo haipokei watu wa eneo langu.