Barua kwa mwanangu Doto: baba yenu anafanya nini mbinguni

Igombe, Mwanza

Mwanangu Doto,

Ujumbe wako nimeupata. Nilimsomea na pacha wako Kulwa, akacheka mpaka akakaa chini. Unasema tangu mazishi maneno ya mchungaji hayajakutoka kichwani, kwamba baba yenu sasa anaimba mbele za Mungu usiku na mchana, nawe unajiuliza: baba huyu huyu? Aliyekuwa akishika kitabu cha nyimbo na kufunga mdomo? Ukamalizia, "Mama, hivi huko watu wanafanya nini kutwa nzima?" Kulwa naye akachomeka lake: Ufunuo 21:1 inasema hapana bahari tena, sasa mzee, fundi wa mitumbwi, ataishije pasipo na maji?

Kuimba kupo, mwanangu, tusikupunguze. Ila wahubiri wengi wakishafika kwenye vinubi hufunga Biblia. Wangeendelea hadi sura mbili za mwisho za Ufunuo wangekuta mji, wenye malango kumi na mawili yasiyofungwa, mto, na mti unaozaa kila mwezi. Penye mavuno ya kila mwezi pana watu wa kuvuna. Na kazi haikuletwa na dhambi. Mwanzo 2:15, mtu anawekwa Edeni ailime na kuitunza, nyoka hajafungua mdomo bado. Jasho na miiba vilikuja baadaye.

Sasa fungua Isaya 65, mstari wa 21 na 22. Watajenga nyumba na kukaa ndani yake. Hawatajenga, akakaa mtu mwingine. Hapo ndipo ninapomwona baba yenu. Mnakumbuka alivyokuwa akimaliza kupiga misumari: anapitisha kiganja kwenye maungio ya mbao, macho yanatazama pengine kabisa, kama anasikiliza redio, mpaka kidole kinasimama. Hapo ananyoosha mkono wa pili aletewe pamba ya kuzibia. Mimi nilikuwa sioni kitu, ila maji yangeona. Mitumbwi aliyoijenga imekwenda Ukerewe, imekwenda Kome, na yeye amekufa hana hata mmoja wa kwake. Matajiri waliichukua wakavulia, wengine deni wakalimaliza kwa maneno matamu. Mtu wa namna hiyo ukimwambia mbinguni ni kupumzika kazi, atakuitikia kwa adabu tu. Mwambie kule atajenga na asinyang'anywe, uone kama hatauliza tezo iko wapi.

Mimi pia Isaya huyo ananigusa. Unaanika dagaa asubuhi mchangani, saa nane wingu linatoka upande wa visiwani, na kabla hujakusanya hata nusu mvua imeshapiga. Kesho yake wananuka, na mnunuzi wa chakula cha kuku anakuja kukupangia bei. Mst. 23: hawatajitaabisha kwa kazi bure. (Kulwa anauliza, mji usiohitaji jua dagaa watakaukaje. Nimemwambia aache utundu.)

Kuhusu maji. Yohana aliyaandika maneno yale ya Ufunuo akiwa Patmo, kisiwani, bahari imemtenga na makanisa yake, na mnyama wa sura ya 13 anatokea baharini. Sisi wa Mwanza hilo hatuhitaji kufafanuliwa. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa karibu kabisa kufika, na makaburi ya waliokufa yapo pale Igoma. Bahari ya namna hiyo, inayomeza watu wa watu, ndiyo ninayosoma kwamba haitakuwapo. Maji yenyewe yapo. Ezekieli 47 anaona mto ukitoka hekaluni mpaka kwenye Bahari ya Chumvi, maji yanapona, na wavuvi wamesimama kando yake, toka Engedi hadi En-eglaimu, mahali pa kutandazia nyavu. Tena madimbwi ya pembeni yanaachwa na chumvi yake. Nabii aliyekumbuka chumvi huyo anaijua biashara ya samaki! Najua kuna watakaosema hayo ni mafumbo. Sawa, na barabara ya dhahabu je? Kama naruhusiwa kuiwaza dhahabu ambayo sijawahi kuivaa, basi na nyavu niachieni.

Limebaki moja ambalo hukuliuliza, lakini nilikuona siku ile ulivyonitazama liliposomwa. Mathayo 22:30, katika ufufuo hawaoi wala hawaolewi. Watu hulisoma kama habari mbaya kwa wajane. Mimi nimeanza kulisoma kuanzia mstari wa 24. Masadukayo, wale Wayahudi wasioamini ufufuo, wanaleta kisa cha mwanamke aliyerithiwa na ndugu saba, mmoja baada ya mwingine, halafu wanauliza atakuwa mke wa nani. Mambo ya kurithi wajane tunayajua huku kwetu. Arobaini ya baba yenu ilikuwa haijaisha, tayari kikao cha ukoo kilikuwa na swali lile lile, na mimi nipo chumba cha pili nasikia. Katika kisa kile hakuna aliyemuuliza mwanamke. Yesu anawajibu kwamba hatakuwa wa yeyote kati yao. Hakusema hatamjua aliyempenda. Mariamu Magdalene alimtambua Bwana kwa kuitwa jina tu, na wale wavuvi waliokesha bila kupata kitu walimtambua kwa nyavu kujaa, kisha wakamkuta ufukweni ana makaa, samaki na mkate. Aliyefufuka alikuwa amewapikia. Kwa hiyo nategemea kumjua baba yenu, naye kunijua, pasipo mtu wa kukaa kikao juu yangu.

Ukitaka kumuuliza mchungaji wenu huko Dodoma, muulize hili la wajane. La kuimba atakujibu haraka mno.

Mama yako