Maski ya kubandua haikauki, na nikiivuta inakatika

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Niko Uyole, Mbeya. Nimenunua maski nyeusi ya kubandua, ile ya pakiti ndogo ya bei ya chini. Naipaka usiku kabla ya kulala. Dakika 40 zinapita bado inanata, nikiivuta inakatika vipande vipande, na mashavu yanawasha hadi asubuhi. Rafiki yangu anasema nichanganye tu gundi nyeupe na unga wa mkaa, eti ni kitu kilekile. Nakosea wapi?

Jibu: Salama, dada. Pakiti yako huenda haina kosa lolote. Kinachoifanya maski ibanduke ni polivinili alkoholi iliyoyeyushwa kwenye maji na alkoholi kidogo. Utando unajijenga pale tu maji hayo yanapopotea hewani, na usiku wa Juni au Julai hapo Uyole, chumba kikiwa cha baridi, yanapotea polepole mno. Ukiipaka nene ili "ifanye kazi zaidi", juu panakauka kwanza na kuufungia ubichi chini. Ukiipaka nyembamba, utando hauna nguvu ya kuvutwa, unakatika.

Ipake mchana, kati ya saa sita na saa tisa, ndani ya chumba chenye hewa. Usikae karibu na jiko la mkaa ili ikauke haraka: alkoholi inashika moto, na moshi wa mkaa kwenye chumba kilichofungwa unaua.

Nawa uso kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, kisha ufute hadi ukauke kabisa. Uso wenye maji unaizimua maski, na wenye mafuta unaifanya iteleze. Mafuta ya mgando paka kwenye nyusi na mstari wa nywele peke yake. Kisha achana na mashavu. Kijiko kimoja cha chai kinatosha paji, pua na kidevu kwa unene wa kama nusu milimita, yaani weusi ufunike rangi ya ngozi pasiwe na sehemu inayong'aa kwa chini. Kingo ziwe nene sawa na katikati, maana mpasuko huanzia kwenye ukingo mwembamba. Usiongeze tabaka la pili juu ya lililoanza kukauka.

Baada ya dakika 20 hadi 30 gusa sehemu iliyo nene kuliko zote. Ikiwa hainati kidoleni, inua ukingo wa nje, shikilia ngozi kwa mkono mwingine, uvute taratibu ukiulaza utando sambamba na uso, si kuuvuta kuja mbele. Ikigoma, usishindane nayo. Polivinili alkoholi inayeyuka kwenye maji, kwa hiyo weka taulo yenye maji ya uvuguvugu dakika chache, halafu futa.

Hapo ndipo gundi ya rafiki yako inapokwama. Gundi nyeupe ya mbao ni polivinili asetati; ikishakauka hailegei kirahisi kwa maji, na haikutengenezwa kwa ajili ya ngozi. Itaondoka na malaika, yaani vinyweleo laini vya usoni, na pengine na ngozi yenyewe. Ukitaka ya kutengeneza nyumbani, koroga kijiko kimoja cha chakula cha gelatini isiyo na sukari wala rangi kwenye vijiko viwili vya maji ya moto, uache ipoe hadi uiguse kwa kifundo cha mkono bila kuungua. Watu huunguza pua kwa haraka hapa.

Huo muwasho unatokana na alkoholi, manukato, na tabaka la juu la ngozi linalong'oka pamoja na malaika, kwenye ngozi ambayo kipupwe kimeshaikausha. Jaribu kwanza kidogo nyuma ya sikio na usubiri siku nzima. Ikichoma ingali mbichi usoni, inawe papo hapo. Ukimaliza, suuza na upake losheni isiyo na manukato ngozi ikiwa bado na unyevu. Ndimu na skrabu ziache kwa siku mbili. Msimu huu wa baridi, mara moja kila wiki mbili inatosha.

Kama unatumia mkorogo, tretinoini (dawa ya kupaka ya chunusi), au krimu ya steroidi yenye betamethasoni au klobetasoli, usiiguse kabisa maski hii. Ngozi yako imeshapunguzwa unene, itachubuka, na kwa ngozi nyeusi mchubuko huacha doa la miezi. Vivyo hivyo kama una chunusi zenye usaha au umetoka kunyoa.

Vidoti vyeusi vya puani vitarudi baada ya wiki chache, kwa sababu vingi ni mafuta yanayojaa upya kwenye matundu. Kama hivyo ndivyo vinavyokusumbua, asidi ya salisiliki ya kupaka ya asilimia 2, jioni mbili au tatu kwa wiki, itakufaa kuliko kubandua. Tangu 2019 vipodozi viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), basi kabla ya kulipa angalia kama pakiti ina orodha ya viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi. Isiyo navyo, iache dukani.