Maswali ya Wasomaji: Sijui Kuogelea, Nitasaidiaje Usalama wa Vyombo vya Baharini?

SWALI: Mimi ni mwalimu mstaafu, mkazi wa Somanga, wilayani Kilwa. Kila wiki ninaona boti na mashua zikiondoka hapa kwenda Songosongo zikiwa zimesheheni abiria, magunia ya unga na hata mabati, na ni nadra kumwona mtu aliyevaa jaketi okozi. Muda ninao na ningependa kujitolea, lakini sijui kuogelea, na wanangu wanasema bahari si mahali pa mama wa umri wangu. Je, lipo jambo ninaloweza kulifanya bila kuonekana ninawaingilia manahodha katika kazi yao?

JIBU: Shikamoo, Mwalimu. Kutojua kuogelea hakukuzuii, kwa sababu sehemu kubwa ya usalama wa chombo huamuliwa kabla nanga haijang'olewa, na kazi ninayokupendekezea hufanyika nchi kavu, kwa kalamu na daftari.

Nenda kwanza kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa viongozi wa BMU, kile kikundi cha usimamizi wa rasilimali za uvuvi, ambao wanawajua wenye vyombo mmoja mmoja. Mtu akisimama pwani na daftari bila wao kuwa na habari, atadhaniwa mtoza ushuru. Wakikubali, fungua daftari la safari. Kwa kila chombo kinachoondoka andika jina la chombo, jina la nahodha na namba yake ya simu, idadi ya watu, kinakokwenda, saa ya kuondoka na saa kinayotarajiwa kufika. Katika idadi hiyo wahesabu pia watoto waliopakatwa, ambao kwa mazoea yetu hawahesabiwi kwa kuwa hawalipi nauli. Kisha mpate mwenzako aliyeko Songosongo, ambaye atakutumia ujumbe mara chombo kikifika. Kubalianeni mapema na BMU mtangoja muda gani baada ya saa iliyotarajiwa. Muda huo ukipita na simu ya nahodha haipatikani, watu wa BMU na polisi, kwa namba 112, waarifiwe papo hapo, badala ya kungoja hadi magharibi kwa matumaini kwamba pengine mashine imezimika tu.

Ninasisitiza kwamba daftari libaki nchi kavu. Kivuko cha MV Nyerere kilipopinduka karibu na kisiwa cha Ukara katika Ziwa Victoria, Septemba 2018, kilikuwa na uwezo wa kuchukua watu 101, lakini waliopoteza maisha peke yao walizidi 200, na idadi kamili ya waliokuwemo haikujulikana mara moja. Waokoaji wasiojua wanatafuta watu wangapi hawawezi kujua ni wakati gani wamemaliza kazi.

Kazi ya pili ni ya kila asubuhi. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, TMA, hutoa utabiri na tahadhari kwa watumiaji wa bahari, na maneno yake tumeyazoea: upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayofikia mita 2. Yaandike kwa chaki kwenye ubao, kwa herufi kubwa, pale abiria wanapongojea maji yajae. Nahodha aliyekulia katika upepo wa kusi pengine hahitaji ubao wako, na atakwambia hivyo, lakini abiria anauhitaji, kwa kuwa ndiye mwenye hiari ya kuahirisha safari. Kimbunga Hidaya cha Mei 2024 kilitangazwa kabla hakijafika pwani yetu, na tangazo la namna hiyo humfaa tu yule lililomfikia.

Kuhusu majaketi, usianze na lawama. Nchini Marekani kipo kikosi cha watu wanaojitolea kuwasaidia Walinzi wa Pwani, kilichoanzishwa mwaka 1939, ambacho wajumbe wake hukagua boti za watu binafsi bila malipo. Mkaguzi humweleza mwenye boti kilichopungua, hatozi faini wala hampelekei polisi taarifa. Utaratibu huo unafaa hata kwetu. Kukagua kisheria na kutoa vyeti ni kazi ya TASAC, yaani Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, na ukianza kujifanya TASAC, manahodha watakukwepa.

Basi omba kuonyeshwa majaketi. Mara nyingi utayakuta yamefungwa chini ya mizigo, ambako hayatamfaa mtu chombo kikipinduka. Mengine yamekaliwa kama mito hadi sponji yake imebonyea na nguvu ya kuelea imepungua. Mengine kibano chake kimevunjika na mahali pake pamefungwa kipande cha kamba ya nailoni, fundo ambalo mtu aliyelowa na kutetemeka hawezi kulifunga upya. Kumpima mvaaji ni rahisi: afunge mikanda yote, kisha mwenzake amshike jaketi mabegani na kulivuta juu. Likipanda hadi masikioni, ni kubwa mno kwake. Mtoto avae la ukubwa wake, lenye mkanda unaopita katikati ya miguu, kwani jaketi la mtu mzima humvuka kichwani akiwa majini. Ukiwa hapo, muulize nahodha kama upo la kukumbia maji limo chomboni, na umshauri kutia simu yake katika kopo lenye mfuniko wa kubana.

Siku ukiona mtu anazama karibu na ufukwe, usimfuate, na wazuie hata vijana wanaojua kuogelea, maana anayezama humkaba anayemwendea. Mnyoshee upondo, au mrushie dumu tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko barabara na lenye kamba shingoni. Dumu hilo liwe limetundikwa pwani siku zote, na lisichotewe maji.

SWALI: Hapa kwetu Kilwa Kivinje mtu akiopolewa majini hubonyezwa tumbo, au huning'inizwa kichwa chini ili maji yatoke. Je, ni sahihi?

JIBU: Si sahihi, ndugu yangu. Kubonyeza tumbo humfanya atapike na matapishi yakaingia mapafuni, na dakika zinazopotea ni zile anazohitaji hewa. Kama hapumui, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi 5 mdomoni, kisha mkandamize katikati ya kifua mara 30 kwa haraka na kwa nguvu, kwa kina cha sentimita 5 hivi akiwa mtu mzima, na umpulizie tena mara 2. Endelea hivyo bila kuacha hadi apumue au msaada ufike. Msalaba Mwekundu hufundisha huduma ya kwanza, na ombi la kikundi kizima hupokelewa vizuri kuliko la mtu mmoja. Hata akizinduka na kusema yu mzima, mpelekeni hospitali siku ileile, kwa sababu maji yaliyoingia mapafuni yanaweza kumletea shida ya kupumua saa kadhaa baadaye.